Zamu Ni Yangu, Waya Anashika kwa Bi Mdogo!

Nilimkuta mume wangu kwa mke mwenzangu...

Siku ya zamu YANGU!

Mchana kweupe, mlango wazi. Yeye kalala kifudifudi nyuma ya meza, miguu imetokeza kama fundi aliye chini ya gari. Sabra kamwinamia, anammulikia kwa tochi ya simu.

"Baba Majaliwa!!"

Aliinuka ghafla, akagonga kichwa kwenye meza.

"Mama Majaliwa... sivyo unavyofikiri."

"Kwani nafikiri nini?"

Mkononi kashika waya. Na huo waya, ndugu zangu, uliniuma kuliko kama ningewakuta kitandani. Kitanda ana haki nacho, zamu yake ikifika. Waya je??

Ngoja niwaeleze mpate picha.

Naitwa Sharifa, naishi Msamala, hapa hapa Songea. Mume wangu Muhsini ni mtu wa Tunduru, anafanya biashara ya korosho. Ana wake wawili: mimi bi mkubwa, na Sabra bi mdogo. Nyumba zetu zimepakana ukuta kwa ukuta. Anachompa huyu, lazima ampe na yule. Ndivyo alivyoahidi mbele ya mashekhe.

Kuahidi!

Mimi huwa sisahau, mniwie radhi. Godoro la Sabra inchi nane, langu sita. Ramadhani yeye aliletewa tende za boksi, mimi za mfuko. Nilipouliza nikajibiwa, "Za mfuko ndizo tamu." Sawa. Nikaweka moyoni, na moyo wangu haujai.

Sasa msimu mmoja korosho ilikaa vizuri. Muhsini akatufungulia kila mmoja chumba cha gemu, vijana waje kucheza mpira. PS mbili, sabufa mbili za kupigia muziki wa kuita wateja, vioo viwili. Lakini vioo vyenyewe si TV. Alipata monita za kompyuta, zilizotumika, ofisi fulani ilikuwa inaziuza.

Picha kali! Sauti... hamna.

"Mume wangu, mbona mpira hauna kelele?"

"Hizi za ofisini, mke wangu. Hazina spika. Ofisini nani anapiga kelele?"

Nilikubali, maana na kwa Sabra kulikuwa kimya vilevile. Bubu kwa bubu, ugomvi wa nini?

Mpaka Jumapili moja...

"GOOOOLI!"

Ukuta ulitetemeka! Mtangazaji anapayuka, mashabiki wanaimba, uwanja mzima umehamia kwa Sabra! Vijana wangu wakatazamana.

"Mama, huko kuna sauti!"

"Kaeni mcheze."

"Mama, gemu bila sauti ni kama kula ugali umeziba pua."

Wakatoka mmoja mmoja, wananiaga kwa adabu kabisa, ndiyo iliyonimaliza. Nikabaki na kioo kinanikodolea macho.

Kuanzia siku ile kazi yangu ikawa kusikiliza ukuta. Napepeta mchele, nasikiliza ukuta. Naunga mboga, nasikiliza ukuta. Chumvi niliweka mara mbili.

Nikamvaa Muhsini.

"Mwenzangu ana sauti, mimi sina. Uadilifu uko wapi?"

"Nitalishughulikia."

Kushughulikia kwenyewe ndiko nilikomkuta nako, kifudifudi, kwa Sabra, siku yangu!

"Kumbe unazidi kumwongezea yeye!!"

Sabra akaingilia. "Dada, chonde, sikiliza kwanza..."

"Dada yako yuko Tunduru! Mimi ni mke mwenzio!"

Nikatoka nje, nikasema kwa sauti iliyofika barabarani:

"Muhsini, kama uadilifu umekushinda, nipe talaka yangu nirudi kwetu Mpitimbi!"

Jirani yangu Hilda aliacha vitumbua vinaungua, akaja kusimama. Neno lilikuwa limetoka, na halikuwa na njia ya kurudi mdomoni.

Baada ya sala ya alasiri, kikao. Mzee Alfani, baba mdogo wa Muhsini, kakaa kitini. Sisi mkekani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nasikia ndoa inataka kufa kwa sababu ya gemu?"

"Si gemu, baba. Ni uadilifu."

"Haya. Muhsini! Siku ya mkubwa, kwa mdogo ulifuata nini?"

Muhsini akatazama vidole vyake vya miguu.

"Nilikuwa nachomoa, baba."

"Unachomoa nini?"

"Waya wa sauti. Sabra aliunga mwenyewe, katoa kwenye pedi ya kuchezea kapeleka kwenye sabufa. Huyu mkubwa analia hana. Kumwekea sijui. Nikaona bora nimwondolee yule, wawe sawa."

Jamani!!!

Hakuwa anampa... Alikuwa ANAMNYANG'ANYA! Kwa ajili yangu!

Nisiwadanganye. Kabla sijashangaa, nilisikia utamu. Nikamtazama Sabra, anauma ncha ya mtandio, machozi yanamshuka. Nikasema kimoyomoyo: onja na wewe.

Mzee Alfani akapiga goti lake kofi.

"Basi yamekwisha. Wote kimya. Talaka haipo. Sharifa, umeridhika?"

"Nimeridhika, baba."

Nimeridhika! Mimi!

Haikuchukua muda, vijana wote wakahamia kwa Otto, mtaa wa juu. Otto ana TV yenye spika zake. Kwangu hakuna mtu. Kwa Sabra hakuna mtu. Kuku wakaanza kulala kwenye benchi la wateja.

Muhsini sasa, anakunywa chai roho kwatu! "Unaona mke wangu? Nyumba imetulia."

Hapo ndipo nikakumbuka choo.

Mnaonifahamu mnajua nilivyowahi kuwaongoza wanawake sokoni kwetu. Choo chetu hakikuwa na mlango, cha wanaume kilikuwa nao. Tukagoma, tukapiga masufuria, tukadai usawa. Mnajua walichofanya wale wasimamizi? Waling'oa mlango wa wanaume! "Haya, mko sawa."

Na wapo waliopiga vigelegele. Mimi siku ile niliwaita wajinga.

Nikakasirika, na safari hii nilijikasirikia mwenyewe. Shule niliishia la saba, mengine yote nimejifundisha. Nikakamata simu, nikaangalia video za watu wanaounga gemu kwenye monita. Nikageuza kioo changu, nikapangusa vumbi.

Nyuma, pembeni ya ule waya wa gemu, kuna tundu dogo la duara. Limechorwa hedifoni.

Lilikuwepo siku zote!

Nikachomeka waya wa sabufa yangu. Kimya. Nikabonyeza vitufe vya monita, nikakuta sauti iko sifuri. Nikapandisha... nikapandisha...

UWANJA MZIMA UKAINGIA NDANI!

Nikacheka peke yangu kama mwehu. Mimi ninayo, yeye hana!

Nikageuka. Sabra kasimama mlangoni. Ana begi.

"Hongera, dada. Nimekuja kuaga."

"Unakwenda wapi?"

"Tunduru, kwa wazazi. Mume anayenizima ili mwenzangu asilie... kesho atanizima nini?"

Wasomaji wangu, kitu nilichokiomba tangu ndoa yake ilipofungwa kilikuwa kimesimama mlangoni na begi mkononi! Nilichotakiwa kufanya ni kusema "safari njema". Neno lilikuwa ulimini.

Lakini mimi sisahau. Niliwaza: Sabra akiondoka, ataletwa mwingine. Mwingine akilia, utakaochomolewa ni wangu. Na Muhsini atauita uadilifu.

"Weka begi chini," nikamwambia.

"Dada, niache."

"Weka chini! Monita yako ina tundu la hedifoni?"

"Haina. Ndiyo maana nilitolea kwenye pedi."

"Waya wako uko wapi?"

"Kauchukua bwana."

Tukatoka wawili, bega kwa bega. Hilda alitutazama mpaka akasahau kujibu salamu. Muhsini alikuwa dukani kwake, anakagua magunia. Alipotuona pamoja alirudi nyuma hatua.

"Kuna msiba?"

"Baba Majaliwa, lete waya."

"Waya wa nani?"

"Wetu."

"Lakini mzee alisema..."

"Mzee tutamweleza. Kwake tunakwenda wote watatu, sasa hivi. Tangulia!"

Aliutoa mfukoni. Alikuwa anatembea nao, masikini, kama hirizi!

Leo nyumba mbili zinanguruma. Sabra hajaondoka, mimi sijaachika. Otto katuma mtu kuulizia tumefanyaje, tumemwambia aje mwenyewe na shikamoo yake.

Funzo? Ukidai usawa, usiishie kusema "tuwe sawa". Sema unataka upandishwe ufike alipo mwenzako. Ukinyamaza hapo, watamshusha yeye, halafu watakuuliza umeridhika, na wewe kwa wivu wako utajibu ndiyo.

Wivu ninao bado, sijautubia. Ila siku hizi kabla sijatazama mwenzangu kapata nini, namtazama kwanza aliyegawa.