Radi Naye Huogopa

Mama alikuwa fundi cherehani. Chumba cha mbele kilikuwa duka, cha nyuma kilikuwa cha kulala. Mchana kutwa cherehani ililia. Jioni binti yake alifagia vipande vya nguo na kuokota pini kwa sumaku.

Binti huyo alikuwa na miaka tisa. Watu walimwita Chiriku kwa kuwa mdomo wake haukujua kupumzika. Lakini baba yake, dereva wa lori, alifariki katika ajali, na tangu hapo Chiriku alinyamaza. Tumbo lilimuuma kila asubuhi. Chakula alikichokoachokoa tu.

Kitu kimoja kilimtuliza: kitabu cha katuni cha Radi, msichana shujaa mwenye joho jekundu. Alikisoma mpaka kurasa zikalegea. Mama akamshonea joho kama lile kwa mabaki ya bitana.

"Mcharaze kidogo, atasema," mteja mmoja alishauri. "Hilo ni deko tu."

"Gauni lako liko tayari," mama alijibu. "Lichukue uende."

Jumamosi alikuja baba mkubwa, kaka wa marehemu, naye dereva wa lori. Alimkuta Chiriku chini ya meza ya kukatia nguo, joho mabegani, kitabu magotini.

"Babako hajamaliza hata mwaka kaburini, wewe unacheza sinema?" alifoka.

Akamnyang'anya kitabu. Akakichana mara mbili. Chiriku hakulia. Alijikunja kama jongoo aliyeguswa.

Mama aliinuka. Aliuweka mkasi mezani kwanza.

"Shemeji, umemfanya nini mwanangu?"

"Namfunza. Samaki mkunje angali mbichi."

"Samaki? Huyu ni mtoto! Miezi yote hii hujaja kumuuliza amelalaje. Leo umekuja, na unamnyang'anya faraja yake!"

"Mtoto aliyefiwa hulia. Havai mabendera."

"Nani amekupa futi ya kupimia machozi ya watu? Toka dukani kwangu!"

Shemeji alitoka, akaubamiza mlango.

Jumatatu mama alifunga duka, akampeleka Chiriku zahanati. Daktari alimpima tumbo, hakuona ugonjwa. Akawaelekeza kwa mshauri nasaha, mwanamke aliyesomea kuwasaidia watu wenye majonzi na hofu.

Mama alikuwa bado anachemka. "Dada, kama nawe utaniambia nimpige, naondoka sasa hivi."

"Keti, mama. Hapa hapigwi mtu."

Mshauri aliona ukurasa mkononi mwa mtoto. Ulikuwa umeunganishwa kwa selotepu.

"Huyu ni nani?"

"Radi," Chiriku alisema kwa sauti ndogo.

"Mimi simjui. Ana nguvu gani?"

"Anaruka. Anabeba daraja."

"Na anaogopa nini?"

Mama alitaka kumjibia. Mshauri akamzuia kwa mkono.

"Anaogopa watu wajue kwamba yeye ndiye aliyemuua babake," Chiriku alinong'ona.

Mama alishika ukingo wa kiti.

"Ilikuwaje?" mshauri aliuliza taratibu.

"Alimpigia simu. Alimwambia awahi kurudi. Baba akakimbiza lori."

"Ungekuwa rafiki yake Radi, ungemwambia nini?"

Chiriku alifikiri. "Ningemwambia... alikuwa amemkumbuka tu babake. Kumkumbuka mtu si kosa."

Hapo ndipo machozi yalipotoka. Mama alimpakata.

"Breki zilikatika, mwanangu! Baba hakukimbiza lori. Breki zilikatika!" Akamgeukia mshauri, macho yakiwaka. "Hakuna aliyemwambia. Tulinong'ona jikoni, tukasema mtoto haelewi. Hata mimi!"

"Wengi hufanya hivyo," mshauri alisema. "Mtoto asipoambiwa ukweli, hujitungia wake, nao huwa mkali zaidi. Kusema 'mimi naogopa' ni kugumu. Kusema 'Radi anaogopa' ni rahisi kidogo. Someni pamoja. Muulize shujaa wake amehisi nini, nani alimsaidia. Usimlazimishe kujibu."

"Kwa hiyo kitabu ndiyo dawa?"

"Hapana. Kitabu ni mlango tu. Mtu wa kumsikiliza ndiye anayehitajika. Na mkumbushe kwamba joho halirushi mtu kweli. Akigoma kula kabisa, au akisema hataki kuishi, mlete siku hiyohiyo."

Kutoka zahanati, mama alikwenda moja kwa moja kwa shemeji. Hakukubali hata kuketi.

"Mtoto alidhani amemuua babake! Sisi watu wazima tukawa tunagombana juu ya joho!"

Akamshika mtoto mkono, wakarudi nyumbani.

Mama na Chiriku waliunganisha kurasa zilizobaki kwa selotepu, wakawa wanasoma kila jioni. Wiki zilipita. Maumivu ya tumbo yalipungua. Chiriku alianza kumaliza chakula chake, na usiku alilala bila kushtuka.

Siku moja, wakingoja zamu yao ya kumwona mshauri zahanati, baba mkubwa alitokea. Alisimama mbele ya benchi, kofia mkononi.

"Ile safari ya ajali ilikuwa yangu," alisema. "Mgongo uliniuma, nikamwomba mdogo wangu aende badala yangu. Silali, shemeji."

Mama alimshika Chiriku bega.

"Pole. Lakini ulichomfanyia mwanangu bado kinaniuma. Mwombe radhi yeye, si mimi."

Mzee yule aliinama. "Nisamehe, mwanangu. Nilikukosea."

Chiriku alisogea, akaacha nafasi kwenye benchi.

"Kaa hapa, baba mkubwa," alisema. "Mle ndani, ukishindwa kusema ya kwako, unaruhusiwa kuanza na ya mtu mwingine."