Vidole Kumi vya Bora

Ernestine alikuwa akikaanga mandazi nje ya nyumba yake, katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka. Alikuwa mshonaji kutoka Fizi, Kongo. Vita vilimfukuza kwao mwaka 1998, akafika Malawi na mtoto mmoja, Bora, aliyekuwa na miaka minne; sasa alikuwa na saba. Siku hiyo sufuria ikapinduka. Mafuta ya moto yakammwagikia Bora mguuni.

Bora hakulia. Aliuma gauni lake tu.

Ernestine aliumwagia mguu maji baridi kwa muda mrefu, na hapo alifanya vizuri. Kisha gari la kliniki likawapeleka hospitali moja ya Lilongwe. Guelord, muuguzi wa hapo aliyetoka Bukavu, Kongo, akawa mkalimani.

Daktari alimtazama mtoto. "Huyu haumii sana," alisema. "Safisha kidonda hivi hivi. Dawa ya maumivu ni ya wanaolia."

"Njo vile," Ernestine alijibu. "Mtoto wangu iko nguvu. Nilimufundisha asilie."

Kujivuna gani huko, na mtoto anatetemeka? Guelord akachuchumaa.

"Bora, nionyeshe na vidole. Kimoja, inauma kidogo. Kumi, inauma kupita yote."

Bora alimtazama mama yake kwanza. Kisha akainua vidole vyote kumi.

"Dawa hiyo ni kali," daktari alisema. "Itamzuia kupumua."

"Tukiipima kwa uzito wake na kuangalia anavyopumua, haitamdhuru," Guelord alisema. "Maumivu hayapimwi kwa kelele. Bila dawa mimi simsafishi."

Walibishana hivyo mbele ya mgonjwa, aibu tupu. Mwishowe Guelord akamgeukia mama.

"Mama Bora, kwa nini ulimukataza kulia?"

Ernestine aliinama. "Tulikuwa mu pori, tunakimbia vita. Basoda, askari ba vita, bako karibu. Eliezer, kitoto changu, alilia. Nilimufunga mdomo na kitenge. Basoda bakapita. Nilipofungua, hakukuwa tena pumzi. Bora aliona yote. Nikamwambia, mwenye kulia anatuua."

Guelord alimshika bega. "Pole, mama. Lakini hapa asiyesema, hapewi dawa. Mwambie muganga ukweli."

Ernestine alimkabili daktari. "Muganga, mtoto wangu anaumia. Anaumia sana. Mumupatie dawa."

Guelord alitafsiri, pamoja na habari za pori. Daktari akachukua kalamu. Aliandika dawa. Bora akainywa, wakasubiri ifanye kazi, ndipo wakamsafisha. Guelord hakuacha kumwangalia anavyopumua. Safari hii alipoulizwa, Bora aliinua vidole viwili.

Kidonda kilipona, kikaacha kovu. Siku moja, nyumbani, sindano ya cherehani ilimchoma Bora kidole. Aliutazama mlango kwanza, aone kama kuna mtu anakuja. Kisha akauma gauni lake.

Ernestine akasimamisha cherehani. "Lia, mama. Lia na sauti. Hakuna mwenye kuja."

Bora akalia. Mama yake akamkumbatia, naye akalia. Alimlilia Eliezer wake, aliyebaki mu pori bila kaburi, na ambaye mpaka siku ile hakuna aliyekuwa amemlilia.