Jina Juu ya Tao

Tofali moja la tao la mlango wa duka lilianza kutoa jasho. Kiangazi kimepamba moto, Moshi mjini ni vumbi tupu, lakini tofali lile jekundu lilikuwa likichuruzika, na maji yake yalinuka damu.

Elinipendo, muuzaji wa duka la ushirika, alimwita Sirili, fundi mwashi kutoka Uru, mlimani. Sirili akaliziba kwa saruji. Kesho yake saruji yote ilikuwa sakafuni.

"Ni jini, fundi," Elinipendo alinong'ona. "Humo ndani kuna mtu anagonga."

Sirili aliweka sikio ukutani. Mwiko ulikuwa ukigonga tofali mchana kweupe, ko, ko, ukipanda ndani ya ukuta ule mnene, ukapita dirisha, ukapita dari, ukafika juu kabisa, pale palipokuwa na bamba la jiwe lenye maandishi ya Kihindi, ukanyamaza.

Bamba lile alilivunja Sirili mwenyewe. Mwaka uliotangulia, 1971, majengo yalipotaifishwa, aliagizwa aondoe jina la tajiri. Umati ulishangilia, naye akanogewa. Mama Malti, mjane wa aliyekuwa mwenye jengo hilo, alilia barabarani, "Usivunje, Sirili! Usivunje!" Sirili akamwigiza sauti. Watu wakavunjika mbavu.

Elinipendo akamwita mganga kutoka Himo, naye alifukiza ubani, kisha akauzima mwenyewe. "Huyu hafukuzwi. Aitwe kwa jina lililokuwa kule juu."

Sirili hakujua kulisoma. Akaenda kwa Mama Malti, kwenye chumba kimoja cha uani alikohamia.

"Shikamoo, mama," alisema, macho chini. "Lile jiwe liliandikwaje?"

"Marahaba." Mama Malti alimsogezea kigoda. "'Kornel wa Uru, fundi, alianguka hapa.' Marehemu mume wangu ndiye aliyelichongesha. Baba yako alipoanguka, wewe ulikuwa bado tumboni. Mama yako alikuleta mgongoni kuliona, mara moja tu, kabla hajafariki. Nilidhani unajua, mwanangu."

Sirili alijua tu kwamba baba yake alifia kazini, mjini.

Alirudi dukani, akapiga magoti chini ya tao mbele ya wateja wote, wakiwemo waliomshangilia siku ile, akaita, "Baba. Baba Kornel. Ni mimi."

Mwiko, uliokuwa ukigonga tena ukutani, ukakoma. Ndani ya matofali mtu akakohoa vumbi, kisha akauliza kwa Kichagga, taratibu, kila mmoja akisikia:

"Wewe ni mtoto wa nani?"

Sirili akainua macho hadi lile pengo la juu, mahali alipolivunja jina la baba yake.