Kazi ya Chapati

Sogeeni, mkae. Aliyekalia mguu wa mwenzake auachie. Hadithi hii ni ya kweli, na ikiwa na chumvi, ni ile ya kukolea tu.

Huko Mwatate, karibu na shamba la mkonge, aliishi msichana aitwaye Mghoi. Alikuwa na miaka sita, mapengo mawili na mbwa mmoja.

Mbwa huyo aliitwa Chapati, kwa sababu akilala, alilala bapa. Tumbo chini, miguu huku, masikio kule.

Ukimwita, alipiga mkia chini.
Tup, tup, tup.
Kisha akalala.

Kutoka Mwatate hadi mwisho wa dunia, hakuna mbwa aliyelala kama Chapati. Kuku walimpanda mgongoni wakaota jua. Siku moja kuku akataga papo hapo. Yai halikuanguka.

Mghoi alimpenda sana Chapati. Lakini usiku aliota mbwa wa kazi.

Kila asubuhi, uji ukiwa mdomoni, alimweleza Bibi habari zao. Wapo wanaochunga kondoo. Wapo wanaowaongoza wasioona. Wapo wanaomfuata mwizi kwa pua mpaka kwake, hata akibadili viatu.

"Na mbwa akiwa kazini, Bibi, haguswi," alisema Mghoi.

"Meza uji kwanza," alisema Bibi.

Mjomba wake, Mjomba Righa, alikuwa askari wa wanyamapori. Naye alikuwa na mbwa wa kazi hasa, aitwaye Jemadari.

Mjomba alimfunga Jemadari mkanda mwekundu, akasema maneno mawili tu. "Jemadari, kazi."

Hapo Jemadari alishusha pua.
Nus, nus, nus.
Hata umwonyeshe nyama, hakutazami.

Basi Mghoi akaazima mkanda wa gauni la Bibi. Akamfunga Chapati. "Chapati, kazi."

Tup, tup, tup.
Chapati akalala.

Mghoi akaficha soksi ili Chapati aitafute. Chapati akailalia. Mghoi akampa kuku awachunge. Kuku wakamchunga yeye.

"Bibi, mbwa wangu hajui kazi yoyote," alisema Mghoi.

"Kulala anajua," alisema Bibi.

"Kulala si kazi, Bibi."

"Ngoja uzeeke."

Siku moja asubuhi, Bibi akakuta kamba imelala chini. Mbuzi wake, Mchicha, hayupo.

Mchicha alikuwa na mimba, tumbo kubwa kama ngoma. Angezaa siku yoyote. Na kule kwenye mkonge, giza likiingia, fisi hutoka.

Mghoi akaita na kuita. Mkonge ukanyamaza kimya. Siku hiyo Bibi hakumaliza uji wake.

Ndipo Mghoi akamletea Bibi simu. Wakampigia Mjomba Righa.

Mjomba akafika saa sita, jua la utosi. Jemadari alikuwa nyuma yake, ulimi nje. Walikuwa kazini tangu alfajiri.

Mjomba akamvua mkanda, akampa maji. Akamshika pua. Ilikuwa kavu kama ganda la njugu.

"Pua kavu hainusi," alisema Mjomba. "Alale mpaka jua lipoe. Asipolala, Mchicha hatumpati leo."

Lakini Jemadari alijua kazi tu. Kulala hakujua.

Jani likianguka, masikio juu. Kuku akikohoa, masikio juu. Akazunguka na kuzunguka uani, kama anatafuta usingizi kwa kunusa.

Mjomba akambembeleza. Bibi akamwimbia. Mghoi akampepea kwa ungo mpaka mkono ukamuuma. Wapi.

Jua likaanza kuteremka. Bibi akautazama mkonge.

Mghoi akamtazama Chapati, bapa chini ya ghala. Akaenda mbio kuleta mkanda wa gauni. Akamfunga.

"Chapati," alinong'ona. "Kazi."

Chapati akafungua jicho moja. Akainuka. Akajikokota polepole mpaka mbele ya Jemadari.

Akajitandaza. Tumbo chini, miguu huku, masikio kule.
Tup, tup, tup.
Akaanza kukoroma. Khoroo. Khoroo.

Jemadari akamtazama. Akazunguka mara moja tu. Akakunja magoti, akaweka kidevu mgongoni kwa Chapati.

Sikio moja likaanguka. Kisha la pili.
Khoroo. Khoroo.

Mjomba Righa naye akalala, kofia usoni. Kuku wakalala. Nasikia hata nzi walitafuta pa kulala.

Jua likapoa. Jemadari akaamka, pua mbichi inang'aa kama nyanya iliyooshwa.

Bibi akamnusisha kamba ya Mchicha. Mjomba akamfunga mkanda mwekundu.

"Jemadari, kazi."
Nus, nus, nus.

Wakaingia kwenye mkonge. Kushoto. Kulia. Kushoto tena. Jemadari akaketi kitako, asibweke.

Na hapo, nyuma ya mkonge mkubwa, alikuwa Mchicha. Pembeni mwake vitoto viwili vilikuwa vinajaribu kusimama. Mee. Mee.

Fisi walikuwa hawajaamka bado.

Bibi akabeba kitoto kimoja, Mghoi kingine. Njia nzima Bibi aliwasimulia wale mbuzi habari za uji atakaopika.

Nyumbani, Mjomba akampa Jemadari mpira wake wa matambara. Kisha akaja kwa Mghoi, akavua kofia.

"Pua ni ya Jemadari," alisema. "Usingizi ni wa Chapati. Siku nyingine tukichoka, utatuazima mbwa wako wa kazi?"

Mghoi akafikiri, mikono nyuma, kama afande. "Nitawaazima," alisema. "Ila lazima mkanda afunge."

Usiku ule Mghoi akajilaza kwenye mkeka. Chapati akajitandaza miguuni pake, mkanda wa gauni mgongoni.

Bibi akanyoosha mkono ampapase Chapati kichwa.

"Bibi, usimguse," alisema Mghoi, macho yamefumba. "Yuko kazini."

Tup, tup, tup.
Khoroo. Khoroo.

Na Mghoi akalala bapa.

Mimi nimefika mwisho. Asiyeamini akamwulize yule kuku wa yai.