Filta Kubwa na Bega la Fergus

Hakuna mtu Newcastle nzima, ile ya Australia, aliyejua filta za kamera, vile vioo vya kuvalishwa mbele ya lenzi, kama Fergus Tully. Nani kasema? Fergus mwenyewe, tena kwa sauti, ndani ya duka la kamera lililojaa hadi mlangoni, Jumatatu ya Desemba, uchovu wa harusi za wikiendi ukiwa bado umemganda mwilini.

"Chukua za mraba, saizi ya milimita mia," alimwambia msichana wa gauni la njano na kandambili zenye mchanga. "Fremu yake inakaa kwenye lenzi yoyote ile. Niamini, dada."

Msichana akatoa mkobani lenzi pana, kioo kimetokeza mbele kama jicho la chura. "Haya, ivalishe."

Fergus akajaribu. Fremu ikateleza. Akajaribu tena. Muuzaji akaangalia dari.

"Hii inataka zile kubwa, za mia na hamsini," msichana akasema, kicheko kimembana. "Naitwa Voula. Ukimaliza kujua kila kitu, ninunulie kahawa."

Basi wakawa wanakutana alfajiri Merewether, kwenye bwawa la kuogelea lililojengwa ukingoni mwa bahari. Ukiweka filta nyeusi, picha moja huchukua dakika kadhaa, mawimbi yakageuka moshi, nawe huna la kufanya ila kungoja na kupiga soga. Wote wawili walikuwa wapiga picha za harusi, wamechoka na keki za watu. Mapumziko yao yalikuwa huko kungoja.

"Tununue seti moja," Voula akasema siku moja. "Ile kubwa, inayokaa kwenye lenzi zako na zangu. Begi moja, safari moja, mpaka Tasmania."

"Unaniposa?"

"Nakwambia tununue filta, wewe! Ila ukitaka kuelewa hivyo, elewa."

"Begi nitabeba mimi, malkia."

Wiki iliyofuata, Voula akitafuta betri kwenye begi la Fergus, akakuta seti mpya kabisa. Ndogo. Ya lenzi za Fergus tu.

Jioni akapiga simu. "Kumbe umejichagulia peke yako."

"Voula, mpenzi, sikia..."

"Nimechoka, Fergus. Ungesema tu hunitaki." Akakata.

Hakujua kwamba bega la Fergus lilikuwa limekwisha. Kamera mbili begani kila Jumamosi, miaka nenda rudi, hata shati sasa alilivaa kwa kusaga meno. Na filta kubwa ni mzigo wa vioo. Angeanzaje kusema, naye kashajitia punda?

Alfajiri Fergus akamkuta Voula bwawani, kamera yake bado begini.

"Bega limekufa," akasema. "Zile kubwa siziwezi. Nikaona haya kukwambia."

Voula akalishika bega, Fergus akaruka kwa maumivu. "Yaani tungeachana kwa ajili ya hili? Mjinga wangu wewe. Rudisha vidude vyako dukani. Vioo nitabeba mimi, wewe beba sandwichi."

"Na harusi?"

"Harusi ya nani tena?"

"Yetu."

Voula akashusha pumzi ndefu. "Sawa. Lakini picha apige mtu mwingine."

Na Fergus hakulia. Hilo lieleweke, maana watu wa Newcastle kwa kutia chumvi hawajambo. Yalikuwa manyunyu ya mawimbi tu usoni.

"Mawimbi yapi?" bibi mmoja mwogeleaji akainua kichwa majini. "Bahari leo imelala! Kijana kalia tangu naingia humu. Na wewe msimulizi ulikuwa wapi, si kitandani?"