Kosa la Gauni

Fundi cherehani mmoja alikuwa na msemo wake. Mteja akilalamika kwamba nguo inambana, alimjibu, "Usijali, dada. Kosa ni la gauni, si lako." Wateja walimpenda kwa hilo.

Lakini kwa binti yake msemo huo haukufika. Nyumbani walimwita Kibonge. Kaka yake mwembamba walimwita Sindano. Sindano alikula sahani mbili, kisha akakomba sufuria, wala hakunenepa. Kibonge alikula sahani moja, na bado alisemwa.

Jumatatu Kibonge angeanza kazi ya ualimu. Mama yake, yule fundi, alimshonea gauni la bluu, akalibana kiuno kwa makusudi.

"Mama, halifungi."

"Litafunga ukipungua. Silipanui ng'o!"

"Mbona nakula kidogo?"

"Kidogo wapi? Pafukapo moshi pana moto. Unakula kwa kujificha."

Yalikuwa maneno makali, na hayakuwa ya kweli. Kibonge aliumia. Akaacha kula, akawa anakunywa chai tupu. Siku ya nne, akiwa anapiga pasi katika chumba cha kushonea, kizunguzungu kilimshika. Akaanguka. Pasi ya moto ilianguka karibu kabisa na mkono wake.

Bahati nzuri, muuguzi wa zahanati alikuwa pale amefuata sare yake. Alimlaza Kibonge na kumwinua miguu. Kibonge alipopata nafuu, muuguzi akampa uji wenye sukari.

"Umekula nini leo?"

"Sijala."

"Na jana?"

Kibonge alilitazama gauni lililoning'inia ukutani. Machozi yakamtoka.

Muuguzi akaelewa, akamgeukia mama. "Fundi, mimi nikibanwa unasema kosa ni la gauni. Mwanao akibanwa, kosa ni lake?"

Fundi aliinamisha kichwa. "Lakini Sindano anakula kuliko yeye!"

"Ndiyo ujue miili haifanani. Wewe hukata kitambaa kwa kufuata kiolezo, sivyo? Mwili nao una maelekezo yake. Yanaitwa jeni. Tunayarithi kwa baba na mama, na hata ndugu wa tumbo moja hawapati yote sawasawa."

"Na hizo jeni ndizo zinazonenepesha?"

"Si zenyewe tu. Chakula, usingizi na mazoezi navyo vina sehemu yake. Ila kuna jeni zinazoongoza kinga, yaani askari wa mwili wanaopigana na magonjwa. Watafiti wameona baadhi ya jeni hizo zinahusiana pia na uzito. Kwa jinsi gani hasa, bado wanachunguza."

"Basi tukae tu?"

"Hata! Mlete zahanati apimwe presha na sukari. Asiruke mlo. Mboga ziwe nyingi, soda ziwe chache, na atembee kila siku. Nyote mfanye hivyo, hata Sindano. Wembamba si cheti cha afya."

Sindano, aliyekuwa akinywa soda mlangoni, aliificha chupa nyuma ya mgongo.

Siku hiyohiyo fundi alifumua mishono ya gauni. Alitaka kuomba radhi, lakini akaishia kulipanua tu. Jumatatu gauni lilimkaa binti yake vizuri.

Zahanati walikuta presha imepanda kidogo, sukari iko sawa. Basi familia ikaanza kutembea kila jioni. Wa kwanza kuhema alikuwa Sindano, na walimcheka mpaka wakachoka. Baada ya miezi mitatu presha ilikuwa imeshuka. Uzito ulipungua kidogo tu, lakini binti alikuwa na nguvu, na alikula mezani bila woga. Jina la Kibonge lilikwisha. Sasa walimwita Mwalimu.

Siku moja mama alimjaribisha gauni jipya.

"Mwalimu, niambie kweli. Panabana?"

"Kidogo, hapa kiunoni," alijibu kwa sauti ya chini.

Mama akachukua mkasi. "Nisamehe, mwanangu. Kosa ni la gauni. Kosa halijawahi kuwa lako."