Pakiti Tatu, Dawa Moja

Tangu ugonjwa wa mlipuko uingie mjini, fundi cherehani aliacha magauni akawa anashona barakoa. Siku moja mumewe, seremala, akaangushwa na homa. Hata barakoa zikakaa pembeni.

Jamani, kwa kuuguza mwanamke huyu hana mpinzani! Alimtengea mgonjwa chumba chake, akafungua madirisha. Kisha akaandika zamu za dawa ukutani kwa chaki ya kushonea. Vidonge vya homa viwili, vya mafua viwili, vya maumivu ya mwili viwili. Asubuhi, mchana na jioni.

Siku ya pili dawa zikaisha. Akaenda duka la dawa na pakiti tatu tupu.

"Dokta, nipe kama hizi, za siku tatu," alimwambia mfamasia.

Mfamasia alizigeuza pakiti, akasoma maandishi madogo ya nyuma. Uso ukambadilika.

"Dada, hizi zote anameza mtu mmoja?"

"Mume wangu. Kwani ninao wangapi?"

Watu kwenye foleni wakacheka. Mfamasia hakucheka.

"Anameza vidonge vingapi kwa siku?"

"Kumi na vinane. Sijaruka hata kimoja!"

"Basi sikuuzii."

"Makubwa haya! Mtu anaungua kwa homa, wewe unaninyima dawa?"

"Soma mwenyewe, hapa chini ya jina kubwa."

Fundi akafuata herufi kwa kidole. Parasetamoli. Akashika pakiti ya pili. Parasetamoli. Ya tatu hakuimaliza kuisoma.

"Majina matatu, dawa moja," alisema mfamasia. "Vidonge vya nguvu hii, mtu mzima asizidishe vinane kwa siku. Vikizidi vinaharibu ini."

"Mungu wangu! Nimemuua kwa mikono yangu!"

Akajishikiza kwenye kaunta.

"Hujamuua. Lakini mpeleke hospitali sasa hivi."

"Mbona leo kaamka na nafuu? Hata amenitania!"

"Nafuu hiyo isikudanganye. Mwanzoni ini huumia kimyakimya. Ipo dawa ya kuzuia sumu hii, ila ukichelewa haisaidii. Nenda na pakiti hizi."

Hapohapo mfamasia akapiga simu hospitali. Akawatajia idadi ya vidonge, akawaambia pia kwamba mgonjwa ana dalili za mlipuko, wajikinge.

Fundi alikimbia kumchukua mumewe huku analia, bila kujali nani anamtazama.

Seremala alirudi nyumbani kutoka hospitali baada ya siku saba, amekonda lakini mzima. Daktari alimweleza mkewe wazi kwamba wangechelewa siku moja zaidi, huenda wangemzika.

Maneno hayo hayajamtoka fundi. Siku hizi, kabla ya kununua dawa yoyote, humtajia mfamasia kila kinachomezwa nyumbani kwake, hata dawa ya kikohozi. Asipoelewa, huuliza tena na tena. Wanaosubiri nyuma yake wakinuna, wanune.